Msichana Aliyebaki Langoni

Mama mkwe wake alipotuma ujumbe kwamba anamtaka aje amnyoe nywele, Mugo alikuwa anamnyoa mwalimu wa shule ya msingi. Aliizima mashine, akageuka, akabaki ameishikilia hewani kana kwamba umeme umepotea.

Aliyeleta ujumbe ni Simeon, kaka mkubwa wa mke wake, mtu wa maneno machache, ambaye hakupenda kuja sokoni Mukurweini ila siku ya kununua chumvi ya ng'ombe. Alisimama mlangoni na gambuti zake za shambani, hakutaka kuingia na matope.

"Mama anasema uende umnyoe."

"Mimi?"

"Kwani kuna bwana mwingine wa Monicah mimi sijui?"

Mwalimu alicheka chini ya taulo. Mugo hakucheka.

"Simeon, hiyo haiwezekani. Ulisikia vizuri?"

"Mimi niko na masikio mbili. Alisema akuje yeye mwenyewe na mashine yake. Nilimuuliza mara ya pili, akaniambia nisimsumbue."

Simeon akaenda zake. Mugo akamaliza kichwa cha mwalimu vibaya, upande mmoja ukabaki mrefu kuliko mwingine.

Kwa watu wa huku, mwanamume na mama wa mkewe hawazoeani. Kuna haya ya heshima kati yao, inaitwa thoni, na haina mzaha. Wakikutana njiani, mwanamume husogea pembeni. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakiwa na jambo la kuambiana, hulipitisha kwa mtu mwingine. Miaka yote tangu amwoe Monicah, Mugo hakuwahi kumwona mama mkwe wake bila kitambaa kichwani. Kuambiwa akashike kichwa hicho kwa mikono yake kulikuwa sawa na kuambiwa apande madhabahuni na viatu vya zizini.

Na zaidi ya hayo, mwaka huo hawakuwa wanaelewana. Mama huyo alikuwa ametoka kanisani mbele ya watu wote kwa sababu ya kitabu cha Mugo. Tangu siku ile Mugo alitamani kitu kimoja tu duniani: asamehewe. Sasa alipoitwa, aliona mtego. Alijiambia, huyu mama ananiambia kwamba nilimvua nguo mbele ya kanisa, basi nije nimalizie kichwa.

Kwa hiyo hakwenda. Akampa Ken, kinyozi mwenzake, mashine iliyo nzuri zaidi na taulo jipya, akamwambia aende badala yake na amsalimie mama kwa heshima zote.

Alidhani amefanya vizuri.

Mugo hakuwa mtu wa Nyeri kwa kuzaliwa. Alizaliwa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza ndege. Watoto walikuwa wanasimamishwa kwenye kingo za majaruba tangu asubuhi, wapige makelele ili ndege wasile mpunga wa watu. Ni kazi ya kuchosha kuliko kulima. Ili wenzake wasilale wakachapwa, Mugo aliwapigia hadithi kwa sauti kubwa kutoka jaruba moja hadi lingine, na hadithi na makelele vikawa kazi moja. Alimaliza kidato cha nne, na masomo yakaishia hapo. Akajifunza kunyoa Karatina, akaja Mukurweini kufungua chumba chake, akampata Monicah akileta maziwa asubuhi, na kwa neema ya Mungu wakajenga nyumba yenye mabinti wawili.

Watoto ndio walimrudisha kwenye hadithi. Mtoto mdogo anaogopa mashine, inanguruma karibu na sikio kama nyuki. Analia, anajinyonganyonga, na kinyozi akikosea kidogo anamkata. Mugo alikuwa na ubao anaouweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae juu afikie kioo. Siku moja, mtoto akiwa juu ya huo ubao na machozi tayari, Mugo akaanza tu: palikuwa na msichana anaitwa Wakonyo, wa miaka kumi na minne, na hakuna mtu aliyejua kwamba ni mpelelezi.

Mtoto akatulia kama jiwe.

Kuanzia hapo Jumamosi haikuwa ya kawaida. Watoto walijaa kwenye benchi hata wasio na nywele za kukatwa. Sheria ilikuwa moja: hadithi anaambiwa aliye kwenye kiti. Wale wa benchi wanasikia kwa bahati yao. Na taulo likitolewa, hadithi inakatika hapo hapo, hata kama Wakonyo ananing'inia juu ya mto Gura kwa mkono mmoja.

"Ai, Mugo! Si umalizie tu kidogo?"

"Nywele zako zimeisha."

"Niko na zingine hapa nyuma, angalia."

"Hizo ni za mwezi ujao."

"Haki wewe ni mbaya. Na yule mwizi wa bunduki?"

"Anakungoja. Nani anafuata?"

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kahawa inaibwa kiwandani, gunia baada ya gunia, na mlinzi, ambaye ni mjomba wa Wakonyo, anasingiziwa na kufungwa. Wakonyo anaamua kuwatafuta wezi. Anajifanya rafiki yao. Anawabebea ujumbe, anawapikia chai, anawachekea, mpaka kijiji kizima kinamwona msaliti na watoto wenzake wanamtemea mate njiani. Siku wanapokuja kupakia, yeye yuko ndani ya stoo, amejifunika gunia tupu alilotoboa matundu mawili ya macho, kati ya magunia mengine. Anaona yote. Anamwona mkubwa wao, na ni mtu wa kuaminiwa kijijini. Anakimbizwa kwenye mibuni, anavuka mto uliofurika, anafika Nyeri mjini akiwa hana viatu, anaeleza. Lakini afisa anamwambia asitamke neno hata nyumbani mpaka wezi wote wakamatwe. Basi anarudi kwao akiwa bado msaliti machoni pa watu. Anafika langoni. Mama yake yuko upande wa pili, ameshika komeo.

Hapo ndipo kitabu kilipoishia. Maana Mugo alikiandika, kwa kuhimizwa na wazazi wa wale watoto, na akakichapisha Nyeri. Na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumaliza hadithi ila ile ya kiti, aliikata penye utamu. Mwisho aliuacha kichwani mwake, wa kitabu cha pili. Jalada lilichorwa na mchoraji wa mabango wa Karatina: gunia limesimama, na ndani ya matundu mawili macho ya msichana yanang'aa.

Jina la Wakonyo alilitoa kwa binti yake wa pili, Wendy Wakonyo, ambaye alikuwa anasoma shule ya bweni na aliyependa hadithi hizo kuliko mtoto mwingine yeyote. Na Wendy alipewa jina hilo kama desturi inavyotaka, binti wa pili huitwa kwa mama wa mama yake. Mama mkwe wa Mugo ndiye Wakonyo wa kwanza. Mugo alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Ila alipoandika alikuwa anamwona Wendy, hakumwona bibi. Hapo ndipo alipoteleza.

Jumapili ya kitabu, baada ya matangazo, mchungaji alimwita mbele. Watoto walipiga makofi. Mugo alikuwa amevaa koti la arusi. Kiongozi wa vijana akainua kitabu juu ili watu wa nyuma waone jalada, akasoma kwa sauti ya furaha: "Hakuna aliyemtambua Wakonyo ndani ya gunia, lakini yeye aliwatambua wote."

Vijana walishangilia. Lakini upande wa akina mama wazee palikuwa kimya, kimya cha watu waliosikia jambo baya likisemwa na mtoto asiyejua. Kisha mama mkwe wake akainuka. Alichukua fimbo yake, akapita katikati ya kanisa polepole, uso umeinama, akatoka nje kwenye jua. Hakuna aliyemfuata ila Kagure, mwenzake wa rika.

Jioni, Monicah alirudi kutoka kwa mama yake, akakaa jikoni bila kuvua leso.

"Baba Wendy, hiyo gunia ulitoa wapi?"

"Gunia gani?"

"Ya kitabu. Ya macho."

"Si kwa kichwa yangu? Kahawa inawekwa kwa nini, kwa kikapu?"

"Usinicheke. Kagure ameniambia leo kitu mama hajawahi kuniambia tangu nizaliwe."

Akamwambia. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ya vita vya Mau Mau, watu walikusanywa uwanjani na kupitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili. Gunia likitikisa kichwa, aliyepita anatolewa kando, na wengi wa kando hawakurudi. Mama wa Wakonyo alikuwa amefungwa kwenye kambi ya homugadi, wale askari wa vijijini wa serikali ya wakoloni. Wakamwambia Wakonyo, ambaye alikuwa msichana asiyefika hata umri wa Wendy, akitaka mama yake aachiliwe, avae gunia. Akalivaa. Akatikisa kichwa mara moja. Mtu mmoja akachukuliwa, na mama yake Wakonyo akaachiliwa kama walivyoahidi. Lakini gunia lilikuwa fupi, na watu walikuwa wameona miguu. Miguu midogo inajulikana kijijini. Jioni ile msichana alipofika nyumbani alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Mama yake alikuwa humo, alisikika akikohoa. Wakonyo alilala na mbuzi.

"Na baadaye?" Mugo aliuliza.

"Kagure hajui. Hakuna mtu aliwahi kumuuliza."

Mugo alikuwa amesoma habari za gunia hilo shuleni. Aliziandika kwenye mtihani na akapata alama nzuri. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya gunia kulikuwa na mtu mwenye umri, mwenye jina, ambaye angekuja kuzeeka na kumpa binti yake amwoe.

Usiku huo alipiga magoti akaomba. Kesho yake akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya vitabu vyake. Watoto wengine walivificha, akawaomba mpaka wakavitoa. Vyote akavitia kwenye katoni chini ya benchi. Na hadithi akaziacha. Watoto wakaja Jumamosi, wakakuta redio.

"Na Wakonyo?"

"Alihama."

"Ati alihama wapi?"

"Kaa vizuri nisikukate sikio."

Walipungua. Hata walionyolewa walitoka wakiwa na nyuso za watu waliotoka kwa daktari.

Kuomba msamaha, hakuomba. Kungekuwa kutuma wazee, na wazee wangelazimika kulitaja jambo mbele ya mama mwenyewe: gunia, miguu, mlango. Aliona ni kumvisha gunia tena. Akaona heri anyamaze, aendelee kupeleka mkate na sukari kupitia Monicah, na Mungu atajua wakati. Ikapita masika yote hivyo. Ndipo Simeon alipokuja na gambuti zake, na Mugo akamtuma Ken.

Ken alirudi mapema, taulo likiwa bado limekunjwa.

"Umemaliza?"

"Hapana. Alisema nywele zingoje."

"Alikasirika?"

Ken alirudisha mashine kwenye msumari wake, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. "Alinipatia chai," alisema. "Hakukasirika."

Lakini alikuwa hasemi yote, na Mugo alimjua vya kutosha kuliona hilo. Hakumdadisi. Aliogopa atakachosikia.

Mwezi wa saba, ule ukungu wa baridi ulipokaa juu ya migomba bila kuondoka, mama alishikwa na kifua. Wakampeleka hospitali Nyeri mjini. Monicah alishinda huko, na Mugo akapeleka uji kwenye chupa ya chai. Hakuingia wodini. Alisimama mlangoni kama mkwe anavyopaswa, kofia mkononi, macho chini, akasema, "Mama, tunakuombea." Ndipo alipoinua macho kidogo, akaona anatazamwa. Mama yule alikuwa amelala kwa upande, mdomo umekauka, na hakuweza kutoa sauti. Akainua mkono wake taratibu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akakivuta. Kikateleza. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa na ndefu kuliko alivyodhani.

Mugo akageuka haraka sana. Alijua amemwona asivyopaswa kumwona. Alidhani mama amehangaika kujifunika na nguvu zimemwisha, na yeye amesimama hapo akimkodolea macho. Akamkabidhi muuguzi ile chupa, akatoka mpaka chini kwenye lango, akakaa na watu wanaongoja saa ya kuona wagonjwa.

Bwana alimchukua alfajiri ya siku iliyofuata.

Wendy aliruhusiwa kutoka shuleni. Alifika jioni wakati watu wa maombi wakitawanyika, akamkumbatia mama yake, na Monicah akamwita kwa namna aliyomwita tangu akiwa mchanga, "Maitu," yaani mama yangu, kisha akalia zaidi. Baadaye Wendy akaja nyuma ya nyumba, ambako Mugo alikuwa anapasua kuni zisizohitajika.

"Baba, ulimwambia?"

"Nilimwambia nini, na nani?"

"Shosho." Ndivyo alivyomwita bibi yake. "Ulimwambia kama mlango ulifunguliwa?"

Mugo akaweka shoka chini.

"Mlango gani, Wendy?"

"Wa Wakonyo. Wa kitabu. Mimi sikurudisha yangu, Baba, nisamehe. Likizo ya Aprili aliniambia nimsomee. Tulikuwa tunachagua maharagwe. Akasema nisome pole pole, kwanza ile ya gunia. Nilidhani atanichapa. Akalia, halafu akasema endelea. Tulisoma yote. Ikafika pale langoni, ikaisha. Akaniuliza, na mlango? Nikamwambia hiyo bado haijaandikwa, iko tu kwa kichwa ya Baba."

"Akasema nini?"

"Akasema basi nikuulize. Nikamwambia siwezi, utajua kitabu bado niko nayo. Tena nikamwambia, wewe huambii mtu mwisho hivi hivi tu. Anayekaa kwenye kiti ndiye anaambiwa. Mpaka unyolewe." Wendy alijaribu kutabasamu, uso ukamkataa. "Alicheka sana, Baba. Akasema, basi itabidi ninyolewe."

Mugo alishika mti. Kisha akasema, "Kanisani alitoka."

"Alitoka kwa sababu alikuwa analia. Aliniambia hakutaka watoto wamwone. Alisema tangu siku alivaa ile gunia hakuna mtu alitaja jina lake nayo bila kunong'ona. Na wewe ulitaja kwa sauti, watu wakapiga makofi."

Ken naye alikuwepo, alikuja kusaidia kubeba viti vya kanisa. Mugo alimwita, na Ken akatoa yale aliyoyaficha. Bibi alimkalisha, akampa chai, akamuuliza, wewe ndiye wa hadithi? Ken akasema hapana, wa hadithi ni Mugo. Bibi akasema, basi nywele zingoje.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani anakusema vibaya, buda. Ulikuwa umeumia kutosha."

Kila mmoja alikuwa amemheshimu mwenzake. Kagure alinyamaza, Monicah alinyamaza, Ken alinyamaza, Mugo alinyamaza kuliko wote, na heshima ya watu wanne ikamwacha mama mzee amekaa na nywele zake akingoja. Mugo aliona tena ule mkono ukivuta kitambaa. Hakuwa anajifunika. Alikuwa anafunua. Alikuwa ameleta kichwa.

Siku ya kuutengeneza mwili, Mugo aliomba jambo ambalo mkwe yeyote hajawahi kuomba. Alimwambia Monicah anataka kumnyoa mama kabla hajavalishwa. Monicah akaingia kuzungumza na akina mama, na aliyetoka kumjibu ni Kagure, akiegemea ukuta.

"Mwanangu, hapana."

"Aliniita mwenyewe."

"Aliita akiwa hai, na akiwa hai yeye ndiye angejua aibu yake ataiweka wapi. Sasa hana sauti. Sisi ndio tunamlinda. Hata sasa ni mama ya mke wako." Akamshika mkono, jambo ambalo pia si kawaida. "Usijitese. Ile hadithi nilisikia mimi pia, kutoka kwa Wendy. Wewe hukukosea kuandika."

Alitaka kusema kwamba si kuandika kulikomtesa. Lakini alikuwa mbele ya wazee. Akaitikia, akashukuru.

Akaondoka akaenda dukani, akafungua mlango mmoja tu. Redio hakuiwasha. Alivuta katoni kutoka chini ya benchi, akalifuta vumbi jalada moja kwa kiganja, na yale macho mawili yakamtazama. Wendy alikuwa amemfuata. Akaingia, akakaa kwenye kiti, akajifunga taulo mwenyewe.

"Nikate yote."

"Shule watakuuliza."

"Nitawaambia nimefiwa." Akamtazama kwenye kioo. "Baba, mimi naitwa nani?"

"Wendy."

"Hapana. Naitwa nani?"

Mugo akawasha mashine. "Palikuwa na msichana," alianza, "anaitwa Wakonyo. Yuko langoni. Mvua inaanza. Mama yake ameshika komeo."

Mwisho aliokuwa nao kichwani siku zote ulikuwa mfupi na wa furaha: mama anafungua, polisi wanafika na wezi, kijiji kinaimba. Sasa ulimkwama. Hakuweza kumfungulisha mama yule kirahisi hivyo, akijua kulikuwa na mama wa kweli aliyekohoa ndani na asifungue.

"Shosho alisema kitu," Wendy alisema chini chini. "Alisema, kama mama yake hawezi kufungua, usimlazimishe. Labda anaogopa majirani. Lakini utafute mtu. Ukose wote, utafute hata mmoja."

Mashine ilinguruma. Nywele zikaanguka begani, zikaanguka sakafuni.

"Mama yake hakufungua," Mugo alisema. "Alishika komeo mpaka mkono ukafa ganzi. Alikuwa anaogopa. Ndipo mlango wa nyumba ya nyuma ukafunguka, akatoka bibi yake, yule ambaye msichana ameitwa kwa jina lake. Hakuwa anasikia vizuri tena. Hakusikia maneno ya kijiji, hata yaliyosemwa kwa sauti. Akaja na fimbo yake mpaka langoni, akamsukuma mama wa msichana kando, akauliza, ni nani huko nje kwa mvua? Msichana akasema, ni Wakonyo. Bibi akasema, Wakonyo ni mimi. Sasa mnataka nilale nje? Akalivuta lile komeo."

Wendy alikuwa amefumba macho, machozi yakishuka kupita nywele zilizomganda mashavuni.

"Maliza, Baba."

"Imeisha. Akaingia."

Alitoa taulo. Kichwa cha binti yake kilikuwa kitupu na kizuri, chenye umbo ambalo aliliona mara moja tu, wodini, kabla hajageuka. Alijua kwamba aliyekuwa kwenye kiti ni mtoto wa kidato cha pili anayesoma kemia, na kwamba yule aliyeuliza hakusikia. Mugo ni Mkristo, hajidanganyi. Anaamini mama huyo yuko mahali ambapo milango haifungwi, na kwamba hahitaji tena kuambiwa na kinyozi. Hilo lilimfariji upande mmoja tu. Kwa maana yeye alikuwa bado anahitaji kumwambia.

Walimzika shambani kwake, chini ya migomba, ukungu ukiwa umeinuka. Mchungaji alisema vizuri. Ilipofika zamu ya wakwe, Mugo alisogea na gao la udongo mkononi mpaka ukingoni, karibu na mama huyo kuliko alivyowahi kufika maisha yake yote, na hakuna mtu aliyemzuia. Alikuwa amepanga kusema maneno matatu tu: mlango ulifunguliwa, Mama. Lakini wimbo ulikuwa unaendelea, akina mama walikuwa wanatazama, na ile haya ikamkaba hata hapo. Akamwaga udongo polepole usije ukagonga jeneza kwa kelele. Kisha akarudi nyuma, kofia mkononi, akampisha Simeon.